Tepu Iliyokatwa Katikati

Ile tepu bado inanuka chungwa. Najua mtasema ni mawazo yangu tu, kitu cha miaka yote hiyo kitanukaje chungwa, lakini mimi ni fundi wa nguo hapa Kitale, nguo za watu nazinusa kutwa kucha, na pua yangu haijawahi kunidanganya. Ni nusu ya tepu ya kupimia, ya manjano, ile ya plastiki laini yenye kibati kwenye ncha. Upande wa pili umekatwa kwa makasi, sawasawa, kwenye sabini na tano. Wateja wakiiona kwenye droo huniuliza mbona naweka tepu mbovu na nzima ninayo shingoni. Mimi huwaambia ni ya kupimia watoto.

Wiki iliyopita katekista wa parokia yetu ya zamani, upande wa Kimilili, alinitumia ujumbe uliotoka Uhispania. Umeandikwa na mpwa wa Sista Konsuelo. Anasema shangazi yake sasa ni mzee sana, anaishi katika nyumba ya masista wazee, na amesahau karibu kila kitu, hata jina lake siku nyingine. Lakini kila asubuhi akiamshwa anauliza swali moja tu. Yule mdogo, alikua? Hawajui mdogo yupi. Wanajua tu alifundisha watoto Kenya, karibu na mlima. Kuna mtu huko anayemjua?

Mungu wangu. Nilikaa chini palepale kwenye kile kigoda cha cherehani, na suruali ya mtu mkononi, nikalia mpaka mteja akaondoka bila kuuliza suruali yake iko wapi.

Niliamua kumjibu kwa lugha yake, kwa mkono wangu, si kwa kutafsiriwa na simu. Nikaona nikimtumia maneno ya mashine nitakuwa nimekosa adabu mara ya pili. Kwa hiyo siku tatu nilikuwa nikijifunza Kihispania kwenye simu katikati ya kupiga pasi na kukata kola, na siku tatu nilikwama kwenye sentensi moja. Nilitaka kusema kuhusu dada yangu: Mulongo ameishi zaidi kuliko tulivyoambiwa. Sisi tuna "kuliko" yetu moja, unaitia popote na maisha yanaendelea. Wao wana vineno vidogo vingi. Kuna que, kuna de, kuna como, kuna na a huko mbele kwa maneno mengine, na ukikosea kimoja simu inalia kama ng'ombe. Nilitia que, ikakataa. Nikatia de peke yake, ikaniambia karibu, jaribu tena. Jamani, karibu na nini?

Na kila ikikataa nilirudi kwenye ule ukumbi wa parokia, nina miaka tisa, nimesimama mgongo kwa mgongo na dada yangu, na sielewi chochote.

Sisi ni mapacha. Kwetu Babukusu pacha wa kwanza kutoka ni Mukhwana na wa pili ni Mulongo, hamna mjadala, na mimi ndiye Mukhwana. Nyanya yetu, ambaye tulimwita Kukhu kama wajukuu wote wa huko, alikaa nasi boma moja, na ndiye aliyeshika sheria za mapacha. Ukimpa Mukhwana ndizi, mpe Mulongo ndizi, na ziwe za mkungu mmoja. Mgeni aliyekuja na zawadi moja alirudi nayo kwake. Nikivunja kikombe, Mama alinichapa viboko viwili vya kweli, kisha akamgusa Mulongo viwili vya uongouongo kwenye sketi, na Mulongo, mwigizaji yule, alilia zaidi yangu. Mkubwa alikuwa nani? Walizaliwa siku moja. Mrembo ni nani? Walizaliwa siku moja. Hilo ndilo jibu walilopewa watu wote waliouliza.

Maana sheria kubwa ilikuwa hiyo, kwamba mapacha hawalinganishwi. Kukhu alisema ukitamka kwamba mmoja anampita mwenzake, yule aliyepitwa atasikia uchungu moyoni na kuamua kurudi alikotoka. Tulipokuwa wachanga, Mama alitupeleka kliniki, na muuguzi alipotaka kutuning'iniza kwenye mizani Kukhu alimnyang'anya watoto wote wawili.

"Watoto si mahindi, ati muwapime na mkebe wa gorogoro," alisema, na hadithi hiyo tuliisikia mara nyingi kwa sababu aliipenda sana.

Basi hakuna aliyesema kwamba Mulongo ni mfupi. Nguo zetu zilikatwa kitambaa kimoja, saizi moja, na kabla hatujazivaa Mama aliichukua moja akakunja pindo kwa ndani, upana wa kiganja, kisha zaidi ya kiganja. Sote tuliliona lile pindo. Hakuna aliyeliona. Na Mulongo alikuwa na maumivu yake, ya mikono, ya miguu, yaliyokuja na kuondoka, na Kukhu akasema ni baridi ya mlima, akampaka samli ya moto na kumkalisha karibu na mafiga. Macho yake yalikuwa ya manjano kidogo. Hiyo tuliambiwa ni moshi, kwa vile alikaa sana jikoni, na mimi niliona ni jibu zuri tu.

Sista Konsuelo alikuja kufundisha wasichana wakubwa ushonaji. Mwembamba, mwenye haraka, tepu ya manjano shingoni siku zote, hata kanisani. Alipenda machungwa. Alikula chungwa kisha akapanga maganda pembeni ya jiko la makaa yakauke, yakiungua ungua, na ile harufu ikaingia kwenye vidole vyake na tepu yake na kila alichokigusa. Jumamosi alitukusanya sisi watoto kwenye ukumbi atufundishe Kihispania, maana wakubwa wake walikuwa waje kutoka kwao na alitaka tuwapokee kwa lugha yao. Sisi tulifuata mkate wenye jemu. Tusidanganyane.

Siku hiyo aliandika ubaoni vineno vitatu, que, de, como, akageuka na kupiga makofi.

"Leo tunalinganisha!" alisema. "Tu-na-li-nga-ni-sha!"

Mulongo aliniangalia. Mimi nikamwangalia. Hatukujua kwamba kulinganisha ni somo.

Akaeleza. Ukilinganisha mtu na mtu, tumia que. Ukifika kwenye hesabu, sema umepita kumi au umepita mia, tumia de. Na wawili wakiwa sawa kabisa, como. Hatukuelewa hata tone. Mwenzetu mmoja aliyeitwa Nafula aliuliza kwa nini wasitumie moja tu, na Sista akasema hilo ni swali zuri sana, halafu asilijibu. Akatafuta mfano kwa macho, akatuona sisi wawili, sare moja, nywele zimenyolewa sawa, tumekaa benchi moja, na uso wake ukang'aa.

"Mapacha! Njoo, njoo hapa. Nyinyi ndio como yangu."

"Sista, hao hawapimwangi, bana!" Nafula alipaza sauti, na watoto wakacheka. Sista naye akacheka, bila kujua anacheka nini.

Alitusimamisha mgongo kwa mgongo mbele ya ubao. Hatukuwahi kusimama hivyo maishani mwetu. Nilihisi utosi wa Mulongo ukinigusa shingoni, na nikashangaa, kwa sababu nilidhani kichwa chake kiko mahali changu kilipo. Nilidhani hivyo kweli, wala sitanii. Mtu akikwambia miaka tisa kwamba mko sawa unaishi ndani ya neno hilo, huangalii.

Sista aliacha kutabasamu. Alivua tepu shingoni, akanipima mimi, kisha Mulongo, kisha akampima Mulongo tena. Akainama, akavuta kope ya chini ya jicho lake kwa kidole gumba, akaangalia.

"Wewe una miaka mingapi?" alimuuliza.

"Sawa na huyu," Mulongo akajibu, na watoto walicheka vibaya sana.

Nafikiri ni kile kicheko kilichomchanganya Sista, akataka kukizima kwa somo. Aligeukia ubao akaandika haraka: Mukhwana es más alta que Mulongo. Chini yake akaandika más de diez centímetros, zaidi ya sentimita kumi, na akatuimbisha darasa zima. Tuliimba mara tatu. Mukhwana ni mrefu kuliko Mulongo. Mukhwana ni mrefu kuliko Mulongo.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilifurahi. Nilisimama pale na jina langu likiimbwa kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikuwa zaidi ya kitu fulani. Nilinyoosha shingo ili niwe mrefu zaidi. Dada yangu alikuwa nyuma yangu na sikuuona uso wake, wala sikugeuka kuuangalia.

Njiani kurudi watoto waliimba ile sentensi mpaka kwenye njia panda. Tulipobaki wawili Mulongo aliuliza, "Kwani ni kweli?"

"Nini?"

"Ati unanishinda."

"Si ni Kizungu tu," nikamwambia. "Ni maneno ya Sista."

Wiki iliyofuata mvua ya mawe iliteremka kutoka mlimani, baridi ikaingia hadi kwenye mifupa, na Mulongo akaanguka. Haikuwa kama zile siku nyingine. Alilia hata tukimfunika blanketi, alisema lile blanketi linamuumiza. Samli haikusaidia. Siku ya tatu Kukhu alitoka chumbani, akasimama mlangoni, akaniuliza mimi, si mwingine.

"Ni nani amewapima?"

Nilijua alichokuwa anauliza na nilijua jibu, na nilijua pia kwamba nilinyoosha shingo.

Akili ya mtoto ni kitu cha ajabu. Mimi niliona kosa lote liko kwenye kile kineno. Sista alitia que, na que imemfanya Mulongo aanze safari ya kurudi alikotoka. Angetia como mambo yangekuwa sawa. Kwa hiyo nilimfuata kwenye chumba cha cherehani, nikasimama mbele yake, na sijui nilipata wapi ujasiri huo.

"Sista, badilisha ile neno. Andika como."

"Lakini si como," alisema kwa upole. "Wewe mrefu. Kwa hiyo que."

"Basi weka de."

"De ni kwa hesabu, mtoto wangu." Na macho yake yakajaa furaha, maskini, alidhani amepata mwanafunzi. "Wewe umefikiria sana! Chukua." Akanipa peremende.

"Moja?" nikauliza.

"Moja."

"Nipe mbili ama sitaki." Nikaiacha mezani na kuanza kulia. Ndipo akauliza Mulongo yuko wapi, nikamwambia yuko nyumbani, mifupa inamuuma, ni mgonjwa kwa sababu yako. Akainuka ghafla mpaka makasi yakaanguka.

Mimi nilikuwa na mpango wangu mwingine. Niliacha kula. Niliona nikikaa bila kula sitakua, na Mulongo atapata muda wa kunifikia. Ugali wangu nilimpelekea kitandani, naye hakuutaka, tukabaki na vipande viwili vya ugali vikikauka kwenye sahani moja. Nilitembea nimekunja magoti. Mama aliniuliza kama ninataka kujisaidia.

Kesho yake Sista alikuja na pikapu ya parokia. Kukhu alimkuta langoni na hakumpisha. Nilikuwa nimejificha nyuma ya tangi la maji na kila neno nililisikia.

"Mama, ile mtoto ndogo hakui," Sista alisema, Kiswahili chake kikianguka huku na huku. "Moja anakua, moja hapana. Macho yake hakuna damu. Si baridi, Mama. Hospitali, leo."

"Wewe ndio urimpima na kamba," Kukhu akasema. Alikuwa anatetemeka. "Huku kwetu mtu anapimwa na kamba akiwa amekufa, fundi akitaka kutengeneza sanduku. Wewe umepima mtoto yangu akiwa anapumua. Na ukaimbisha watoto. Ati mwingine anamshinda. Sasa unataka arare hospitari, unataka nini tena?"

Kukhu akikasirika l zake zote ziligeuka r, na siku nyingine tulicheka. Sista hakuelewa kitu cha kamba wala cha sanduku. Aliendelea tu kusema, "Damu, Mama, damu," na Kukhu akasikia ndiyo hiyo, huyu mzungu anataka damu ya mtoto.

Ndani Mulongo akapiga ukelele. Sijawahi kusikia ukelele kama ule, na leo nina watoto wangu mwenyewe. Baba alitoka chumbani amembeba ndani ya blanketi, akapita katikati ya wale wanawake wawili bila kuangalia hata mmoja, akaingia naye kwenye pikapu. Mimi nikatoka mbio nyuma ya tangi.

"Ni wewe!" nikamfokea Sista. "Ni wewe unamuua na hiyo mdomo yako!"

Aligeuka akaniangalia. Nilitaka anijibu, anipige hata, lakini alipanda gari tu, wakaenda Bungoma.

Alilazwa huko wiki nyingi, na mimi nilikaa nyumbani kama kiatu kimoja. Baba aliporudi mara ya kwanza nilimsikia akimwambia Mama jikoni kwamba ni ugonjwa wa damu, selimundu, chembe za damu zinapinda kama mundu na kuziba njia, amezaliwa nao. Akasema daktari amemwonya asijipe moyo sana, kwamba huenda hatamwona huyu mtoto amevaa sare ya sekondari. Akasema pia kwamba damu yangu walipoipima ilikuwa nzuri. Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Tulikaa tumbo moja, damu nzuri ikawa yangu, mbaya ikawa yake, nani aligawa? Nikaamua ni mimi. Nilitoka kwanza, nikachukua iliyo nzuri.

Mulongo alirudi na bahasha ya karatasi za hospitali na vidonge vya kila siku, na miguu myembamba. Aliniuliza kama nimemla kuku wake. Kukhu alisema amerudi kwa sababu lile darasa limefungwa, na kweli lilikuwa limefungwa, maana yeye na wanawake wa kanisa walitoa watoto wao mmoja mmoja mpaka Sista akabaki na ubao. Hata wale wasichana wa ushonaji walipungua. Haukupita muda tukasikia anahamishwa, anapelekwa misheni nyingine mbali. Nilipoambiwa nilisema vizuri.

Kabla hajaondoka alipita kwetu. Hakuingia, alisimama nje ya ua wa michongoma akatuita sote wawili. Alivua tepu shingoni, akaikunja ncha kwa ncha kuhakikisha, akatoa makasi mfukoni na kuikata katikati. Nusu moja akanipa mimi, nusu akampa Mulongo, kwa wakati mmoja, mkono huu na mkono huu.

"Nimejifunza," alisema. "Sawa sawa."

Mulongo akasema asante. Mimi sikusema. Alisubiri kidogo, kisha akaenda zake, na sisi tukaanza kugombana hata hajafika barabarani, kwa sababu yangu ilianza na moja na kuishia sabini na tano, na ya Mulongo ilianza sabini na sita ikafika mia moja na hamsini.

"Yangu ndiyo kubwa," Mulongo alisema. "Angalia namba."

"Ni sawa, si amezikunja?"

"Namba, Mukhwana. Soma namba."

Tukaziweka pamoja chini, zikalingana. Tukasoma namba, hazikulingana. Nakwambia mchana kutwa tulikaa na jambo hilo, na sikulielewa.

Nilielewa nikiwa kidato cha pili. Mulongo naye alikuwa kidato cha pili, amevaa sare, ingawa mara kwa mara alikosa shule na kulazwa. Kukhu alikuwa ametangulia mwaka huo. Mama alikuwa anashona pindo la sketi ya Mulongo mbele ya watu, mchana, bila kulificha, na akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa:

"Kama si yule Sista kuwasimamisha pamoja, tungemzika huyu tukidhani ni baridi."

"Unasemaje?"

"Si ndiye alituambia hakui? Daktari alituuliza, hamkuona? Miaka tisa, hamkuona?" Alikata uzi kwa meno. "Tulikuwa tumekatazwa kuona."

"Mbona hukuniambia?"

"Kukhu alikuwa hai," alisema. "Na Kukhu alimpenda Mulongo. Ningemwambiaje?"

Nilitoka nje nikasimama pale kwenye ua wa michongoma. Nilikuwa nimembeba Sista yule moyoni kama mchawi, na mimi mwenyewe kama msaidizi wake, na kumbe. Nilipaswa kuandika barua siku hiyo hiyo. Sikuandika. Aibu ni kitu kizito, ukikichelewesha kinaongezeka, na nilikichelewesha mpaka nikawa fundi, nikawa mke wa mtu, nikawa mama. Kila siku napima watu, kifua, kiuno, bega, huyu mpana, huyu mwembamba, na Mulongo nilikuwa sijampima hata mara moja. Nguo zake nakata kwa kukadiria.

Basi jana nilifunga kibanda nikaenda kwake Kibabii, ana duka la kuchapa na kutoa nakala za wanafunzi wa chuo. Nilimkuta anamfokea kijana mmoja aliyeleta kazi yake dakika ya mwisho. Vidonge vyake viko kando ya kompyuta, chupa ya maji kubwa, sweta mbili mwilini licha ya jua la saa saba. Nikampa simu asome ujumbe wa yule mpwa, kisha daftari langu lenye sentensi kumi zilizokatwakatwa.

Alisoma polepole. "Yaani siku tatu unatafuta neno ya kusema sijakufa?"

"Si rahisi. Kuna que, kuna de..."

"Sista ameuliza nini?"

"Kama ulikua."

"Si basi tumjibu hiyo." Akafungua droo, akatoa ile bahasha ya hospitali, ya zamani, imebandikwa gundi mara nyingi, na kutoka humo akatoa nusu ya tepu ya manjano. Sikujua kama bado anayo. "Yako iko?"

Ilikuwa kwenye pochi. Nilikuwa nimeibeba bila kujua kwa nini.

Akaziunganisha kwa selotepu, sabini na tano ikakutana na sabini na sita, akavua viatu na kusimama kwenye fremu ya mlango, visigino vimegusa ubao.

"Nipime."

Nawaambia, mimi mwanamke mzima, fundi wa miaka, nilisimama pale na tepu nikamwona Kukhu langoni akitetemeka. Kama wewe ni wa rika langu na ulilelewa kwetu unajua, usinicheke.

"Kukhu hayuko," Mulongo akasema.

"Najua."

"Na mimi niko. Pima."

Nikapiga magoti. Nikabana kibati kwenye sakafu chini ya unyayo wake, nikapandisha tepu nyuma ya kisigino chake, kwenye ule mguu uliowahi kulilia blanketi, mgongoni juu ya sweta, shingoni. Niliinuka nayo. Ncha ya pili ilifika nyuma ya kichwa chake ikagoma hapo, na juu ya ncha kulikuwa na nafasi ya vidole viwili, na nywele zenye mvi kidogo, na mlango.

"Imefika?" akauliza.

"Imeisha."

"Imeisha aje?"

"Tepu imeisha," nikamwambia. "Wewe bado."

Nilichukua simu nikaandika hapohapo, na sikuuliza mashine: La pequeña mide más de metro y medio. Yule mdogo ana zaidi ya mita moja na nusu. Jina langu sikulitia popote. Chini yake nikaandika perdóneme, nisamehe, nikatuma kabla sijaogopa. Yule kijana wa chuo alikuwa ametuangalia muda wote huo na karatasi zake mkononi, na hakuthubutu kuuliza.

Nilipoinua macho Mulongo alikuwa bado amesimama kwenye fremu, ameshika viatu vyake, amenyoosha shingo.

"Pima tena," alisema.

Nikapima tena.